Mgongo Hauna Aibu

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe kwa niaba yako, nikaivuta vilevile ulivyokuwa unaivuta wewe, na Hilda wa meza ya pili akanigeukia akidhani naongea na simu.

Nimetaka kukuandikia tangu tulipokuzika, ila sikuwa na habari nzuri ya kukuletea, nawe hukupenda mtu aje mikono mitupu. Leo ninayo. Ni mchana, wagonjwa wamepungua, upepo wa Same unagonga dirisha na kumwaga vumbi mpaka kwenye kibodi. Nimezima kompyuta nikuandikie kwa kalamu, maana wewe ulisema barua iliyopigwa chapa ni tangazo.

Nianze na ya nyumbani. Mama mdogo Nambua amehamia kwako, chumba cha mbele, ili jiko lisikae bila moto. Ng'ombe alizaa ndama jike, mkaidi kama mama yake. Mparachichi uliotaka kuukata kwa uvivu wake umezaa mwaka huu mpaka tawi moja limevunjika, nami nimeusema kweli, kwamba ulikuwa unakusubiri uondoke ndipo ujirekebishe. Msimu wa baridi ulipofika nilipanda nyumbani Chome nikavaa sweta lako la kijani, lile lililotoboka viwiko. Limeanza kupoteza harufu yako. Hilo limenisumbua kuliko nilivyotarajia.

Kazi yangu ni ileile. Uliwaambia watu kwamba mimi ni daktari wa karatasi, nikachoka kukusahihisha. Faili la mgonjwa likitoka kwa daktari linakuja kwetu. Daktari ameandika ugonjwa kwa maneno, sisi tunauweka kwenye herufi na namba zinazotumika dunia nzima, ili ijulikane watu wa huku wanaumwa nini na dawa gani ziletwe. Nilikueleza siku moja ukichambua maharage. Herufi M ni ya mifupa, misuli na mgongo. N ni ya figo, njia ya mkojo na viungo vya uzazi. C ni ya saratani. Mafaili mengi yanayopita mikononi mwangu ni ya kliniki ya wanawake: uvimbe kwenye kizazi, kizazi kilichoshuka, hedhi isiyokatika. Ulicheka ukaniuliza kama mtu akiumwa huko chini anapewa namba kama gari. Nikasema ndiyo. Ukasema basi wewe hutaki namba.

Nilikueleza pia sheria yetu, ingawa wakati huo ulikuwa umeshaanza kusinzia. Tunaandika alichoandika daktari, siyo tunachodhani. Na daktari anaandika alichoambiwa na alichokiona. Mwanamke akisema mgongo, akakataa kupanda kitandani apimwe, daktari ataandika mgongo, na sisi tutaweka M. Wanawake wa kwetu wanashuka kutoka milimani na magonjwa ya kila namna, na wote wanasema mgongo. Wakimkuta daktari kijana wa kiume, wanausema kwa mkazo zaidi.

Nawe ulikuja hivyohivyo. Umevaa kitenge cha kwaya, umebeba makande kwenye hotipoti kwa ajili yangu na Hilda. Uliingia kwa yule daktari kijana, ukatoka upesi na dawa ya kuchua. Nilipokuuliza ukasema, "Mgongo. Kuni hizi." Tukakaa tukala. Hilda aliomba kuongezewa, ukamsifia kwamba angefaa kuolewa Upareni. Ilikuwa siku nzuri sana, Mama, na bado naikumbuka hivyo.

Mpaka ukweli ulipojulikana, ulikuwa umeshahamia benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, ukikalia kanga iliyokunjwa. Nilikukuta nyuma ya zizi mchana wa Jumapili unafua, wewe ambaye Jumapili hukuruhusu hata kijiko kisuguliwe. Ulijaribu kusimama mbele ya beseni nisione wekundu wa maji. Nilikusaidia kukamua, tukaanika, na kesho yake tukashuka. Daktari mwanamke akakupima, tukapelekwa hospitali ya rufaa, wakatuambia ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeshasambaa.

Faili lako aliliandika Hilda, kwa sababu kwetu ndugu haandiki faili la ndugu.

Kwenye gari la kurudi uliegemea bega langu, ukaniambia taratibu, "Nakundwa, wakikuuliza, sema mgongo. Mgongo hauna aibu." Nilikufunika kanga vizuri. Wewe ukachukua kimya changu kuwa ndiyo, maana ndivyo ulivyofanya siku zote ukitaka jambo lako lipite.

Ulipoondoka, wasifu wako aliuandika shemeji yako, Baba mdogo Elieza, kama anavyoandika wa kila mtu kwenye ukoo. Unamjua. Mzee wa kanisa, sauti nzuri, na akishashika kipaza sauti ni kazi kumnyang'anya. Alisoma ulikozaliwa, uliposoma, ulivyoolewa na Baba, miaka yako ya kwaya, watoto na wajukuu. Kisha akafika pale ambapo kila mwombolezaji hutega sikio. Akasema marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya mgongo. Watu wakaguna kwa huruma. Wanawake waliokaa kwenye majamvi wakatazamana, halafu wakatazama chini.

Mimi nilikuwa nimeshika shada la maua, na badala ya kulia nikaanza kazi. Sijui akili ilikuwa inakimbilia wapi. Nilianza kukumbuka kila wasifu niliomsikia Baba mdogo akiusoma tangu nikiwa mdogo, nikawa naupa herufi. Wanaume wetu wamekufa kwa presha, kwa sukari, kwa ini, kwa ajali ya gari. Bibi Namsifu, mgongo. Shangazi Elifuraha, mgongo kisha homa. Yule mke wa jirani aliyekuwa anakuletea mbegu za maboga, maradhi ya muda mrefu. Ukiufuata wasifu wa Baba mdogo, katika ukoo mzima hakuna mwanamke aliyewahi kuugua kizazi. Sisi wote tumezaliwa sijui tulipitia wapi. Nilitaka kucheka, Mama, mbele ya jeneza lako, na mtu pekee ambaye angecheka nami alikuwa humo ndani. Hapo ndipo nikalia.

Nilinyamaza kama ulivyotaka. Na ningeendelea kunyamaza mpaka leo, kama si Mama mdogo Nambua.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga. Alikuwa uani anasugua masufuria. Akainuka, akasimama kidogo amefumba macho, mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, kiganja kikiangalia nje. Ulikuwa unasimama hivyo hivyo. Nikamuuliza ana nini. Akasema mgongo, masufuria ya msiba haya. Nikamuuliza lingine, lile ambalo watoto hawawaulizi wakubwa, kama kuna kitu kinamtoka. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akaokota steelwaya yake akaendelea kusugua.

Mdogo wako wa pekee, Mama. Nilijua kwamba nikilitunza neno lako ninaweza kumpoteza na yeye.

Nilimfuata jikoni jioni ile akikoroga makande, nikafunga mlango, nikamwambia kilichokuua kwa jina lake lote. Hakugeuka. Aliendelea kukoroga mpaka yakaanza kushika chini, tukasikia wote harufu ya kuungua na hakuna aliyeepua. Kisha akasema, "Na mimi alinificha?"

Hilo ndilo lililomuuma, nikuambie kweli. Mlilala kitanda kimoja mkiwa wasichana, mkasukana nywele, mkamzika mama yenu mmeshikana mikono, na bado alipata habari zako kwa mtoto, tena umeshafukiwa. Alikukasirikia sana. Kwa muda mrefu hakutaja jina lako, alisema tu "yule," na siku moja alimpiga ndama wako kofi bila kosa. Nami nilikukasirikia kidogo. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kumkasirikia maiti na kumlilia kwa wakati mmoja.

Kushuka Same alikataa. Leo ndama, kesho tangawizi haijavunwa, keshokutwa zamu yake kwenye kikundi cha akina mama. Kila Jumapili nilimpigia simu. Sikumkaripia, nilimuuliza tu kama kile kinachomtoka kimekoma, naye akasema kimekoma. Mama mdogo hajui kudanganya. Wewe ulikuwa fundi, yeye sauti inampanda. Basi siku moja nimeinua macho dirishani nikamwona kwenye benchi la kliniki ya wanawake, peke yake, hajaniambia chochote. Alikuwa amevaa sweta la Chome kwenye joto la Same, jasho linamtiririka, amekumbatia mkoba. Sikutoka. Niliogopa akiniona atapata sababu ya kuondoka.

Walimpima kwa siki, ndivyo wanavyofanya siku hizi. Wanapaka kidogo kwenye mlango wa kizazi, na panapogeuka peupe wanapatilia shaka. Pake palikuwa peupe. Wakakata kinyama kidogo, kikapelekwa hospitali ya rufaa, tukaanza kusubiri majibu.

Hapo kazi yangu ikanigeuka. Mlango wa kizazi ukiwa na mabadiliko ambayo hayajawa saratani, tunaandika N. Ukiwa na saratani yenyewe, C. Nimeziandika herufi hizo miaka yote hii, asubuhi mpaka jioni, huku naongea na Hilda habari za bei ya nyanya. Wiki zile za kusubiri nilikuwa siwezi. Kila daktari alipoandika saratani kwenye faili la mama fulani nisiyemjua, mkono ulisimama juu ya ile C, nikajiuliza kama ana mdogo wake, na kama mdogo wake ameambiwa. Hilda alinivumilia. Mafaili yalirundikana upande wangu, akawa anayavuta moja moja.

Siku ya majibu faili lilitangulia kufika kwetu, Mama mdogo akiwa bado anaelekezwa na nesi. Lilikwenda meza ya Hilda. Nikageuza kiti nikatazama ukuta. Nilisikia akifungua, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, nikasikia akilifunga na kuliweka juu ya mengine. Hakusema neno wala sikumuuliza. Faili ni la mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mama yako mdogo, na sheria hiyo nimewafundisha vijana wote wanaokuja hapa kujifunza kazi. Sijawahi kuichukia kama siku ile. Nikatoka nikaenda kusimama nje ya chumba cha daktari.

Mama mdogo alitoka anafunga vifungo vya sweta. Akasema, "Wanasema wameuwahi. Wanauchoma leo leo, basi." Halafu akakaa palepale sakafuni, akalia mpaka mhudumu akamletea maji ya kunywa. Nilikaa naye. Baadaye aliniambia alikuwa hajilii yeye. Alikuwa amekusamehe ghafla, akawa hana pa kukupata akuambie.

Sasa nakuambia mimi. Amekusamehe.

Mwaka ulipotimia tukakuwekea msalaba. Umekaa vizuri, unatazama upande wa msitu, na jina lako halina kosa. Watu walikuja wengi, ukungu ukatuheshimu ukakaa juu juu. Baba mdogo alikuja na karatasi ileile, imekunjwa mahali palepale, akasoma wasifu kwa sauti ileile, akafika mgongo, akapita. Alipomaliza akaomba upande wa nyumbani kwenu utoe neno la shukrani. Akasimama Mama mdogo. Nilidhani atashukuru mchungaji na waliopika.

Akashukuru mchungaji, akashukuru waliopika. Kisha akasema, "Dada yangu hakufa kwa mgongo. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mimi nilikutwa na mwanzo wake, nikatibiwa, ndiyo maana nimesimama hapa. Jumatano narudi Same kuangaliwa. Anayetaka kwenda, tufuatane."

Akakaa. Baba mdogo alikohoa kwenye kipaza sauti, akatangaza chakula.

Jioni alikuja jikoni, Baba mdogo, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, akatuambia kwamba tumemvua nguo marehemu mbele za watu. Neno hilo lilinichoma. Lilinichoma kwa sababu nami nilikuwa nimekaa nikiwaza hilohilo tangu mchana, kwamba ulituomba kitu kimoja tu na hatukukupa. Mama mdogo akamjibu polepole, "Shemeji, mngekuwa mmenichimbia pale pembeni yake, na wewe ungesoma mgongo." Baba mdogo akatoka. Alirudi kwake bila kula. Mkewe, Mama Neema, alibaki nyuma akituaga, akaufumbata mkono wa Mama mdogo ndani ya mikono yake miwili muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji.

Jumatano ikafika. Usije ukadhani mlima mzima ulishuka. Walikuja wawili wa kwaya, yule wa sauti ya pili na rafiki yake, wanachekacheka kwa woga kama wasichana wanaokwenda kipaimara. Mama mdogo amewatangulia, anajua kila mlango, anawaonyesha vyoo kama nyumba ni yake. Nikashukuru, nikarudi kwenye mafaili yangu.

Chumba chetu kinapakana na mapokezi, na ukuta ni mwembamba. Nikasikia sauti ninayoijua. Nikainuka nikachungulia. Baba mdogo alikuwa dirishani amevaa koti lake la ibada, na Mama Neema yuko nyuma yake, kichwa chini. Binti wa mapokezi akauliza mama anasumbuliwa na nini. Baba mdogo akatazama kulia, akatazama kushoto, benchi limejaa watu, wengine ni wa Chome na wanamjua. Mama Neema akafungua mdomo, na niliona kabisa neno gani linakuja. Baba mdogo akamtangulia. Akasema, kwa ile sauti yake ya makaburini inayofika mpaka kwa waliosimama nyuma, "Mke wangu amekuja kupimwa mlango wa kizazi."

Kisha akakaa kwenye benchi la kliniki ya wanawake, mwanamume pekee, na mkoba wa mkewe juu ya magoti, akatazama mbele kama yuko ibadani.

Nilitoka nikamwamkia. Akaitikia. Nikakaa pembeni yake. Halafu akatoa ile karatasi mfuko wa ndani wa koti, wasifu wako, Mama, akaikunjua juu ya mkoba, akatoa na kalamu. Akaniambia, "Nakundwa, ule ugonjwa wa shemeji unaitwaje kwa ukamilifu? Nitajie polepole. Nataka niuandike vizuri." Nikamtajia neno moja moja. Alifuta lile la zamani kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jipya juu yake kwa mwandiko wake mzuri, akanionyesha nikague. Nikamwambia liko sawa. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu sijui yalikuwaje.

Majibu ya Mama Neema siwezi kukuambia, hata wewe.

Sijui kama umenikasirikia. Kama umekasirika, una haki, na nitakuja kugombezwa siku yangu ikifika. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba ya kwako nitayataja kila nitakapoulizwa, na ya wengine yatakufa nami. Sweta nimelifunga kwenye mfuko ili harufu iliyobaki isitoke.

Na kuna hili. Mimi mwenyewe sijawahi kupimwa, Mama. Chumba kile kiko mlango wa tatu kutoka mezani kwangu, na tangu ulipokufa napita mbele yake nikiharakisha. Naogopa. Mama mdogo ameligundua, akaniambia amenipangia Jumatano ijayo na atanishika mkono, hakuniuliza kama nataka. Nitakwenda. Nitapanda kitanda kile, na daktari akiniuliza kwa nini nimekuja, nitamwambia mama yangu alikufa kwa nini.

Lala, Mama.

Mwanao,
Nakundwa